Kundi la mtaa wetu limejaa matusi. Nilifunge?

Assalamu alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani, naishi Likoni, ng'ambo ya feri kutoka mjini Mombasa. Nakuandikia usiku, wanangu wamelala, na simu nimeizima kwa sababu sitaki kuisikia ikilia.

Mwaka 2020, serikali ilipoweka kafyu mwishoni mwa Machi, sisi wa ng'ambo hii tuliumia na feri. Mtu akichelewa mjini hajui kama atavuka kabla ya saa moja jioni. Nikafungua kundi la WhatsApp, majirani kumi na wawili, tuambiane foleni ikoje na feri ngapi zinafanya kazi. Kafyu ikaisha, kundi likabaki, na leo tuko watu 214. Humo ndimo tunamotangaziana misiba, mtoto aliyepotea, maji yakirudi mferejini, na nani ana samaki wa leo. Mwaka juzi nyumba ya mzee mmoja iliungua alfajiri. Kabla ya adhuhuri alikuwa na godoro, nguo na sufuria, na yote yalitoka humo kundini.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Pampu ya kisima cha mtaa iliungua. Tukachangishana shilingi 300 kila nyumba, nyumba 87, zikapatikana 26,100. Mweka hazina ni mimi. Pampu tulinunua 18,500, fundi akachukua 4,000, mabomba na waya 1,900. Zilizobaki, 1,700, ziko kwenye M-Pesa yangu mpaka leo. Maji yakatoka, watu wakashukuru.

Wiki ya pili yake kijana mmoja, mpangaji wa karibu mwaka wa tatu, asili yake bara, akaandika: "Tunaomba hesabu ya pesa za pampu." Hivyo tu. Kabla sijamjibu, mzee mmoja tunayemheshimu sana mtaani akaandika: "Nyinyi wa bara mmezoea wizi ndiyo maana mnaona kila mtu mwizi. Kama hutaki rudi kwenu." Hapo pakachafuka. Wengine wakamtetea kijana, wengine wakamtetea mzee, usiku kucha. Wakaingia watu ambao hata kisima hawakukichangia. Ikawa si pampu tena, ni nani mwenyeji na nani mgeni, nani ana shamba wapi, nani alimpigia nani kura.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakanda unga wa mahamri, mikono yote imejaa unga. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kikamba, tumezaa mwaka mmoja na watoto wetu wanasoma pamoja, akaingia kuniletea muthokoi, chakula chao cha mahindi, kwenye bakuli lake la bati lenye maua ya buluu. Simu ikalia. Nikamwambia mwanangu abonyeze, labda ni habari ya maji. Ikatoka sauti ya kijana wa mtaa wetu, dakika moja na sekunde arubaini, akiwatukana watu wa bara na mama zao, na mwisho akasema siku inakuja wataonyeshwa njia ya feri. Mikono yangu ina unga, mwanangu hajui azime wapi, ikasikika yote. Jirani yangu hakusema kitu. Aliliweka bakuli mezani polepole, akajifunga leso yake, akatoka. Leo ni siku ya tisa. Bakuli bado liko kwangu.

Watu 31 wameshatoka kundini. Kuna aliyepiga picha za skrini akazisambaza kwenye makundi mengine, na huko tunasemwa mtaa mzima. Kaka yangu ananiambia nilifunge tu. Wengine wanataka niwatoe watu wa bara wafungue lao. Mwingine kanitisha kwamba polisi wakija watamchukua admini kwanza. Mwaka 1997 nilikuwa na miaka tisa, Bi Mkubwa, na nayakumbuka ya mwaka ule. Naogopa.

Tena nikwambie na hili, nisikufiche. Mzee alipomjibu yule kijana, mimi niliweka ile alama ya kicheko. Swali lake lilikuwa limeniuma, niliona kama ananiita mwizi.

Nifanyeje?

Admini aliyechoka, Likoni

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye bakuli. Nitarudi hapo. Kwanza nikujibu uliloniuliza: usilifunge. Watu hao wakikosa mahali pa kusemezana hawataacha kusemana. Watasemana kila mmoja na wake, na wewe hutasikia tena kinachosemwa mpaka kikufike mlangoni. Kundi lililomvisha mzee aliyeunguliwa nyumba kabla ya adhuhuri halivunjwi kwa sababu ya wiki mbili mbaya.

Na lile wazo la kuwatoa watu wa bara wafungue lao, likatae leo, tena mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa mtu mzima. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, maelfu kwa maelfu wakazihama nyumba zao, wengi wao watu waliotoka bara. Kabla ya usiku ule kulipita vikaratasi vya kuwaambia watu hao waondoke Pwani. Watu walivisoma, wengine wakavikunja wakavitia mfukoni, wakaona ni maneno. Kwa hiyo mtu wa Likoni anaposikia "njia ya feri" hasikii tusi la kawaida. Jirani yako alisikia vizuri kabisa kilichosemwa.

Sasa niseme lile litakalokuuma, nawe umeshanifungulia njia kwa kusema kweli. Katika barua yako yote kuna mtu mmoja aliyeuliza swali la adabu, kwa maneno sita, na mpaka leo hajajibiwa. Hesabu unayo. Umeniandikia mimi, nisiyechanga hata senti, shilingi kwa shilingi. Yeye aliyechanga 300 zake hajaandikiwa. Naelewa ulivyojisikia. Umebeba pesa za watu bila mshahara, umekwenda kununua pampu kwenye jua, kisha mtu anakuja na neno "hesabu". Lakini mwenye kushika pesa za watu huulizwa, na kuulizwa si kutukanwa. Ile alama ya kicheko ndiyo iliyowafungulia njia waliomfuata mzee. Admini akicheka, watu huona wamepewa ruhusa.

Basi anza hapo. Asubuhi washa simu, na kabla hujasoma chochote andika kitu kama hiki, kwa maneno yako mwenyewe:

"Majirani, kijana wetu aliuliza hesabu ya pesa za pampu. Aliuliza vizuri, na ilikuwa haki yake. Mimi nilikasirika, nikacheka alipojibiwa vibaya, na swali lenyewe sikulijibu. Nimekosa, naomba radhi kwake na kwenu. Hesabu ni hii: zilipatikana 26,100 kutoka nyumba 87. Pampu 18,500. Fundi 4,000. Mabomba na waya 1,900. Zimebaki 1,700, ninazo. Risiti hizi hapa. Tuambiane hizo zilizobaki tuzifanyie nini."

Chini yake weka picha za risiti, zisomeke. Usiongeze neno la kujitetea. Usiseme "ingawa", usiseme "lakini na yeye".

Angalia ujumbe huo unavyoanza: unaanza na swali lake. Nakusisitizia hilo kwa sababu naliona ndilo tulilopoteza sisi watu wa Mvita, na hatukuwa hivi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa enzi za utawala wa Mazrui, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati Mombasa na Lamu ni mahasimu kweli, hasimu wa kushikiana silaha. Na desturi ya kujibizana kwa washairi wetu ni kwamba ukitaka kumjibu mwenzako unachukua bahari yake, yaani mtindo wa shairi lake, na vina vyake. Huwezi kuchukua vina vya mtu usiyemsikiliza mpaka mwisho. Unalazimika kukaa na ubeti wake, uujue unaishia wapi, ndipo uupige. Maneno yalikuwa makali, mengine yakichoma hasa, lakini lilikuwa jibu la alilosema mwenzio, halikuwa jibu la kabila lake. Yule mzee wenu hakujibu habari ya pampu hata kwa silabi moja.

Kwa hiyo kanuni moja tu naomba uiweke kundini, na ukiweza kuisimamia hiyo nyingine nyingi hutazihitaji: anayetaka kumpinga mwenzake aeleze kwanza mwenzake amesema nini, kwa namna ambayo mwenyewe atakubali kwamba ndivyo alivyosema. Halafu apinge atakavyo. Mtu akija na "nyinyi watu wa kadha", hajafika kwenye hoja, mrudishe hapo. "Mzee, yeye ameuliza risiti. Wewe unasemaje kuhusu risiti?" Utachoka siku za kwanza. Baada ya hapo wengine wataanza kukusaidia kuuliza.

Mzee sasa. Huyo usimseme kundini hata kidogo. Ukimwaibisha mzee wa watu mbele ya watu 183 waliobaki, wanawe na wajukuu wamo humo, utapata vita ambayo haitaisha kwa Ramadhani moja. Mwendee nyumbani, baada ya alasiri, kwenye kibaraza chake, na ufuatane na mtu anayemsikiliza, imamu au rika lake. Kaa, kunywa kahawa ukipewa, mwulize hali ya miguu yake kwanza. Kisha mwambie ulichokiona wewe, na uanzie kwenye kosa lako la kicheko, ili asihisi umekuja kumhukumu. Mweleze habari ya jirani yako na bakuli. Watu wengi huandika kwenye simu kitu ambacho wasingekisema mtu akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwao, macho kwa macho, na mkono wake umeshika kikombe. Barazani ukimtukana mtu, unauona uso wake unavyobadilika, na waliokaa pembeni wanakukoholea. Simu haina wa kukohoa. Nina matumaini kwamba mzee huyo akimwona jirani yako kwa macho ya moyo atatafuta mwenyewe la kusema. Mwombe aandike mstari mmoja, wa kwake, kwa yule kijana. Akikataa usimlazimishe, ila umweleze kwamba ujumbe wa aina ile ukija tena utaufuta, awe nani aliyeuandika.

Kijana wa ile sauti ni habari nyingine. Huyo hakukosea adabu tu, alitishia watu. Mtoe kundini leo. Useme wazi umemtoa kwa ajili gani, bila kumtukana na bila kuwataja wazazi wake. Weka muda: siku thelathini, kisha akitaka kurudi aje kwako na mzee wa mtaa, aseme mbele yenu kwamba yameisha. Mtu asiyeachiwa njia ya kurudi hutafuta kundi la wenzake waliofukuzwa kama yeye. Ile sauti iweke mahali salama. Usimrushie mtu, hata kwa nia ya kumwonyesha ubaya wake, kwa sababu ukiirusha umeisambaza. Msikilizishe mzee wa mtaa na watu wa Nyumba Kumi, wale wa usalama wa mtaa, na ikiwa kuna dalili yoyote kwamba kijana yule na wenzake wanapanga jambo, nenda kwa chifu au polisi siku hiyo hiyo, usingoje ushauri wa mtu mwingine.

Kuhusu kutiwa ndani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inamlenga anayetamka, kuchapisha au kusambaza maneno ya vitisho au matusi ya kuchochea chuki ya kikabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na Katiba ya 2010, ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kusema, kisha ibara hiyo hiyo inasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Kwa hiyo usiishi kwa hofu kwamba utabeba la kila mtu, lakini pia usikae kimya ukiyaona. Admini anayefuta mapema na kukemea mapema amejiweka pazuri. Sheria hii wajulishe watu mara moja, kwa upole, usiifanye fimbo ya kila siku. Na kumwita mtu mwizi bila ushahidi nako kunaweza kumpeleka msemaji mahakamani kudaiwa fidia. Wajue na hilo.

Kuna mambo ya simu yenyewe ambayo huenda huyatumii. Tangu 2022 admini anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukapotea kwa wote. Fanya hivyo mapema, maana ujumbe ukishakaa siku kadhaa uwezo huo unakwisha. Unaweza pia kuweka kundi katika hali ambayo maadmini peke yao ndio wanaoandika. Fanya hivyo kila siku kuanzia saa nne usiku mpaka baada ya swala ya alfajiri, na mwenye msiba au mgonjwa akupigie simu wewe. Umeniambia mwenyewe kwamba ugomvi ulikesha. Na wanaoingia wapya wasiingie mpaka mmoja wenu awakubali, mjue ni nani na anakaa nyumba gani. Hao waliochochea bila kuchangia kisima wametoka wapi?

Nimesema maadmini, wengi. Usibaki peke yako, ndiyo maana umechoka. Tafuta wawili wengine, mmoja wao awe mtu wa bara, na ningefurahi sana kama yule kijana aliyeuliza hesabu atakubali kuwa mshika daftari pamoja nawe. Anayejali risiti ndiye wa kupewa risiti. Mchango ujao uandikwe na wawili, na hesabu itoke kundini bila kuombwa, hata kama zimebaki shilingi kumi.

Wale 31 waliotoka usiwarudishe kwa kuwaongeza tu. Wapigie simu, mmoja mmoja, hata ikichukua wiki mbili. Wengi wao, nadhani, hawakuwahi kuandika neno lolote baya. Walikuwa wakisoma tu, wakaona nyumba imeharibika wakatoka taratibu. Hao ndio mtaa. Wanaopiga kelele unawajua kwa majina, hawafiki kumi, na kwa muda wote huu umekuwa ukiwafikiria hao peke yao. Waulize wale wengine wangependa kundi liweje, kisha uwasikilize, na watakayoyasema yaandike juu ya kundi kwa maneno yao.

Kwa picha zilizosambazwa huko nje hakuna utakachofanya. Usiende kuwajibu kwenye makundi yao.

Nimalize na jirani yako. Siku tisa ni nyingi, mwanangu. Najua unaona haya, na pengine unangoja mambo yatulie kwanza. Yeye hajui kwamba unaona haya. Anachojua ni kwamba ile sauti ililia jikoni mwako nawe ukanyamaza, na tangu siku hiyo hujabisha hodi. Usimtumie ujumbe. Jumamosi amka mapema, kanda unga kama ulivyokuwa ukikanda siku ile, pika na mbaazi za nazi. Nenda kabla hajatoka, na uende na yule mwanao aliyebonyeza simu, maana naye yalimwingia masikioni na anahitaji kukuona unavyofanya. Mwambie, "Yale uliyoyasikia kwangu yameniumiza, na niliyanyamazia. Nisamehe." Kisha mpe bakuli lake, na mahamri ndani.